Kidonge Kwenye Pindo la Kanga

Katika nyumba ya Amelia, aliyetumwa maneno mengi kuliko wote alikuwa mtoto wa kunyonya.

Jina lake Paulo. Jino hajaota, neno hajasema. Hata hivyo, tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa akipewa habari za kupeleka.

"Paulo, mwambie bibi yako kikapu cha chumvi kimejaa," baba yake alisema.

Bibi Celeste alikuwa amesimama pale pale, amesikia yote. Lakini alitazama pembeni, akajibu, "Paulo, mwambie baba yako akamwage kule juu, penye ukavu."

Paulo, mgongoni kwa mama yake, alinyonya kidole. Kazi ikaendelea.

Hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Bibi Celeste alikuwa mama yake Amelia. Jeronimo alikuwa mume wa Amelia. Watu wao walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na kwa desturi yao mwanamume akioa huhamia kwa kina mke. Huko hulima na mama mkwe, huvuna na mama mkwe, lakini hamsogelei. Hali naye sahani moja. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Kabla Paulo hajazaliwa, Jeronimo alikuwa anampa mbuzi maneno ya kumfikishia mkwewe.

"Siku mbuzi alipouzwa," Amelia alipenda kutania, "nyumba ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu."

Muhogo na mikorosho waliilima wakati wa mvua. Kiangazi walishinda kwenye mabwawa ya chumvi ya kijiji, kando ya bahari, mahali paitwapo Ziwani. Maji ya bahari yaliingia kwa mfereji wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, yakatulizwa kwenye mabwawa yenye matuta. Jua likayakausha. Ikabaki chumvi, nyeupe, ya kukwanguliwa na kubebwa. Mahali pale palikuwa peupe kama kiganja cha mkono. Mti hakuna, kichaka hakuna. Mikoko ilikuwa mbali, ng'ambo ya tope.

Bibi Celeste alikuwa hodari wa kazi hiyo. Lakini mwaka ule kichwa kilimgonga kila asubuhi, na miguu yake ilianza kuvimba. Amelia alimpeleka kituo cha afya. Nesi Esta alimfunga kitambaa mkononi, akapuliza hewa, akasoma kipimo, akakunja uso.

"Mama, una presha," alisema. "Shinikizo la damu limepanda sana. Utameza kidonge kimoja kila asubuhi. Usiache hata kama unajisikia mzima. Na chumvi upunguze."

Siku hiyo watu walikuwa wengi, foleni ilifika nje. Hakukuwa na nafasi ya maelezo marefu.

Amelia alikuwa akienda darasa la jioni, la watu wazima. Alikuwa ameshajua kusoma. Kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma maandishi ya pakiti, na yeye ndiye aliyempa mama yake kidonge kila asubuhi pamoja na uji.

"Umemeza, Mama?"

"Nimemeza."

"Kweli?"

"Wewe sasa umekuwa nesi? Nimemeza."

Lakini miguu haikunywea. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Bibi Celeste hakuweza tena kulala chali. Alilala ameegemea ukuta, kwa sababu akijilaza pumzi ilimkimbia. Amelia alimtazama, akamkumbuka Mzee Erasto, jirani yao. Mzee yule alilala mzima, akaamka amepooza upande mmoja. Sasa wanawe walikuwa wakimlisha kwa kijiko. Watu walisema kapigwa na pepo. Nesi Esta alisema ni presha.

"Na mama yangu ataishia hivyo?" Amelia alijiuliza. "Dawa anameza. Mbona haimsaidii?"

Bi Mwanahawa, aliyefanya kazi kwenye bwawa la jirani, alikuwa na jibu. Yeye hakukosa jibu.

"Damu imemzidi huyo," alisema. "Ale ndimu na chumvi, imkate damu. Na samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ng'onda, ale, apate nguvu. Dawa za kizungu zinamyeyusha. Hukumwona siku ile alivyoanguka bwawani?"

Ni kweli. Siku moja, mwanzoni mwa dawa, Bibi Celeste alikimbia kuelekea mikokoni. Ghafla akaanguka kwenye bwawa, akalowa mwili mzima. Watu walicheka. Bi Mwanahawa alipiga kelele, "Celeste! Umechoka ubinadamu, unataka tukukaushe uwe ng'onda?" Bibi Celeste mwenyewe alicheka. Lakini jioni ile hakula chakula.

Basi kwa shauri la Bi Mwanahawa, Bibi Celeste akawa anachovya ndimu kwenye chumvi na kufyonza. Jioni, ugali wa muhogo kwa ng'onda. Amelia aliona aibu kumnyima mama yake kitoweo.

Mvua za kwanza zilipokaribia, kila mtu aliharakisha kukusanya chumvi. Bibi Celeste aliinua kikapu, akakitua. Akakiinua tena. Kisha akakaa juu ya tuta, mikono magotini, mdomo wazi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Mama! Mama, unanisikia?"

Bibi Celeste alitikisa kichwa tu. Pumzi ilimjia vipande vipande, na kifua kikatoa sauti kama sufuria inayochemka.

Jeronimo alitupa reki yake. Akapiga hatua, akasimama. Akapiga nyingine, akasimama.

"We Jeronimo!" Bi Mwanahawa alipiga kelele. "Unangoja nini? Kibali cha mwenyekiti?"

"Ni mkwe wangu," Jeronimo alisema.

"Akifa atakuwa mkwe wa nani?"

Jeronimo akachukua kanga ya Bi Mwanahawa. Akamfunika mama mkwe wake kuanzia kichwani. Akageuza uso upande wa bahari, akamwinua kama mtu anayeinua mtungi wa maji ya wenyewe, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake ya kubebea chumvi. Amelia akamshika kwa nyuma ili akae wima.

"Paulo," Jeronimo alisema, "mwambie bibi yako ashike sana."

Chini ya kanga sauti ndogo ikajibu, "Paulo... mwambie... nimeshika."

Wakaisukuma baiskeli hivyo hivyo, mpaka kituo cha afya.

"Msimlaze!" Nesi Esta alisema mara tu alipowaona. "Mkalisheni. Maji yamemjaa kwenye mapafu."

Bibi Celeste akapigwa sindano. Haikuchukua muda, akaanza kuomba chombo cha kukojolea. Amelia alikitoa nje kimejaa, akakirudisha, akakitoa tena. Kila alipopita, alimpita mumewe, aliyekaa kwenye benchi la nje na kofia yake magotini. Ndani, pumzi ya Bibi Celeste ikaanza kutulia.

Amelia akamvua mama yake kanga yake mwenyewe aliyojifunga, iliyolowa jasho. Kwenye pindo palikuwa na fundo. Akalifungua ili aifue. Vidonge vikamwagika sakafuni. Vingine vilikuwa vizima, vingine vimekuwa unga.

Amelia akavitazama. Akamtazama mama yake.

"Kila asubuhi nakuuliza," alisema. "Kila asubuhi unanijibu, nimemeza."

Bibi Celeste alifumba macho.

"Unataka nikulishe kwa kijiko kama Mzee Erasto? Unataka Paulo asimjue bibi yake? Nimekukosea nini, Mama?" Machozi yakamshinda Amelia. Paulo naye akaanza kulia, kwa kumfuata mama yake.

Nesi Esta akavuta pazia. Akakaa kitandani, si kwenye kiti.

"Mama," alisema, "mimi ni mwanamke mwenzio. Hivi vidonge vimekukosea nini?"

Bibi Celeste alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Vinakutapisha?"

"Hapana."

"Vinakupa kizunguzungu?"

"Vinanikojoza," Bibi Celeste alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

"Ndiyo kazi yake, mama. Vinatoa maji na chumvi mwilini."

"Sawa. Nikojoe wapi?" Bibi Celeste akafumbua macho. "Kule kwenye chumvi hata kunguru hana pa kujificha. Nimeze kidonge asubuhi, nikifika tu, mkojo. Nikikaa, mkojo tena. Na yeye yuko pale, anakwangua chumvi. Nichuchumae mbele ya mkwe wangu?" Akamgeukia binti yake. "Wewe, Amelia, una mume pale. Mimi nina mkwe."

"Lakini Mama, ungeniambia..."

"Siku ile niliyoanguka bwawani," Bibi Celeste alisema, "sikuanguka. Nilikuwa nakimbilia mikokoni. Sikufika. Nikajitupa kwenye maji, ili nguo ilowe yote, watu wasijue."

Amelia alijifunika mdomo. Alikumbuka vicheko. Na yeye alikuwa amecheka.

"Tangu siku ile nikaamua, bora kufa kwa presha kuliko kufa kwa aibu," Bibi Celeste alisema. "Na ukimwambia mumeo, usiniite mama tena."

Nesi Esta hakucheka, wala hakugomba. Aliinama, akaokota vidonge kimoja kimoja.

"Kosa ni letu pia," alisema. "Nilikupa dawa, sikukueleza itafanya nini, wala sikukuuliza unashinda wapi. Leo nina nafasi. Niambie, mama. Mfereji wa kuleta maji ya bahari unaujua?"

"Mimi ndiye niliyeuchimba."

"Maji yakija kwa nguvu kuliko tuta?"

"Tuta linameguka."

"Basi. Moyo wako ni msukumaji. Unasukuma damu usiku na mchana, haupumziki. Mishipa ndiyo mifereji yake. Damu ikipita kwa nguvu kupita kiasi, hiyo ndiyo presha. Si kwamba damu ni nyingi ikatwe. Wala si pepo. Na mara nyingi haiumi. Mtu anatembea nayo miaka, anacheka, anacheza ngoma, huku matuta yanalika."

"Na Mzee Erasto?" Amelia aliuliza.

"Kwake mshipa wa kichwani ulipasuka, au uliziba. Hicho ndicho kiharusi. Mdomo unakwenda upande, mkono unalegea, maneno hayatoki sawa. Ukiona hivyo, usitafute wa kupunga pepo. Mlete mtu hapa mara moja."

"Na kifua kikibana?" Amelia aliuliza tena.

"Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha. Ikiziba, kifua kinabana kama kimewekewa jiwe. Maumivu yanaweza kushuka mkononi, jasho linamtoka. Huyo naye asingoje kesho. Wavuta sigara, mambo haya huwapata zaidi." Nesi Esta akapaza sauti kidogo kuelekea pazia. "Aliye kwenye benchi pale nje asikie!"

Nje, mtu alikohoa.

"Na mimi?" Bibi Celeste aliuliza.

"Moyo wako umesukuma kwa shida siku nyingi, umechoka. Ukichoka, maji yanarudi nyuma. Yanajaa miguuni, yanajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana ulikuwa hulali chali."

"Basi nimekwisha."

"Hujaisha. Moyo uliochoka unasaidiwa. Kidonge kinautua mzigo. Lakini chumvi, mama! Chumvi huita maji. Ukiiacha chumvi wazi siku za mvua, unaikutaje?"

"Imelowa."

"Hata mwilini ni vivyo hivyo. Inavuta maji, inayashika. Na ndimu umekuwa ukila na nini?"

Bibi Celeste akatazama dari. "Mimi naishi kwa chumvi, halafu unanikataza chumvi?"

"Uza, usile!" Nesi Esta akacheka, na Bibi Celeste akacheka naye, mara ya kwanza siku hiyo. "Ng'onda ziache kabisa kwa sasa. Kula samaki wabichi, kisamvu, kunde. Tia ndimu, tia nyanya na kitunguu. Ulimi utazoea. Kula na ndizi, maana kidonge hiki kinatoa na vitu vinavyohitajika mwilini, ndizi inarudisha."

"Nikipona naacha kumeza?"

"Hapana. Kidonge hakiuui ugonjwa huu. Kinaushika mkono. Ukikiachia, nao unajiachia."

"Mpaka lini?"

"Jembe utaliacha lini?"

"Nikifa."

"Umejijibu."

Bibi Celeste akafikiri kidogo. "Lakini ile asubuhi..."

"Asubuhi si Amri Kumi za Mungu," Nesi Esta alisema. "Nilisema asubuhi ili usikeshe ukienda chooni usiku. Siku za kazi, meza alasiri ukirudi nyumbani, karibu na choo chako. Ila usiruke hata siku moja. Na dawa ikikusumbua tena, njoo useme. Sisi tuna dawa za aina nyingi. Lakini dawa ya jambo lisilosemwa hatuna."

Bibi Celeste alibaki kituoni siku kadhaa, mpaka miguu ikaanza kuonyesha mifupa yake. Siku ya kwanza jioni, Amelia na Jeronimo walirudi nyumbani kwa miguu kumchukulia nguo.

"Mama Paulo," Jeronimo alisema.

"Abee."

"Kule kwenye chumvi hakuna choo."

Onyo la mama yake lilikuwa bado la moto masikioni mwa Amelia. "Hakuna," alisema.

"Kikundi chetu cha kusikiliza vipindi vya afya redioni kimehimiza kila nyumba ichimbe choo. Tumechimba. Tukajisifu. Lakini pale tunaposhinda kutwa nzima, hatukupafikiria."

"Hamkupafikiria."

"Mimi sijauliza kitu," Jeronimo alisema.

"Na mimi sijasema kitu," Amelia alijibu.

Jumapili, kijiji kilipokutana, Jeronimo alisimama. Alisema choo kijengwe karibu na mabwawa, kwenye mwinuko, mbali na mfereji. Wanaume wengine walicheka.

"Ndugu Jeronimo, wewe unaumwa tumbo?" mmoja aliuliza.

Bi Mwanahawa akainuka. "Cheka! Wewe unageuka tu nyuma, umemaliza. Sisi wanawake hatunywi maji kutwa nzima, kwenye jua lile, tusije tukabanwa. Mnajua? Hamjui. Mmeuliza? Hamjauliza. Mimi mwenyewe kichwa kinaniuma kila siku, nilidhani ni kelele za mume wangu."

Kicheko kikabadilika. Mwenyekiti akasema choo kichimbwe.

Jeronimo ndiye aliyechimba sehemu kubwa. Akasimamisha miti, akafunga makuti, akatengeneza kifuniko cha shimo. Mlango hakuuelekeza kwenye mabwawa. Aliuelekeza upande wa pili, kwenye mashamba ya muhogo, ili anayeingia na anayetoka asionekane na waliomo kazini.

Wakati huo Bibi Celeste alikuwa nyumbani, anapumzika. Alimeza kidonge chake mbele ya Amelia, kila alasiri, akafungua na mdomo kuonyesha. "Haya, nesi, kagua."

Mboga bila chumvi nyingi ilimshinda mwanzoni. "Hii ni mboga au maji ya kunawa?" aliuliza. Amelia akakamulia ndimu, akaongeza kitunguu. Baada ya wiki chache akaacha kulalamika. Walipokwenda kupima, Nesi Esta alisoma kipimo, akasoma tena.

"Imeshuka, mama. Haijaisha, imeshuka. Endelea hivyo hivyo."

Bi Mwanahawa naye alikuwa amekuja, amefuatana nao. Alikuwa ameomba kidonge kimoja cha Bibi Celeste, "nionje tu", Amelia akakataa katakata. Dawa ya presha ya mtu si pilipili ya kuazimana. Akapimwa mwenyewe. Kumbe naye alikuwa nayo. Akapewa dawa zake, na maelezo yake, na siku hiyo hakuwa na jibu lolote.

Kiangazi kilichofuata, Bibi Celeste alirudi kwenye mabwawa. Vikapu vizito hakubeba tena. Alikaa kwenye tuta akichambua uchafu kwenye chumvi, miguu yake imeingia sawasawa kwenye makubazi ya zamani. Aliona makuti mapya juu ya mwinuko. Aliona kwamba mlango wake hauonekani kutoka pale bwawani. Akatazama muda mrefu.

Kisha, mbele ya watu wote, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Akatoa kidonge. Akakiweka mdomoni, akanywa maji kata nzima.

"Asubuhi hii, Mama?" Amelia aliuliza.

"Asubuhi hii. Kuna nini tena cha kuogopa?" Akamgeukia Paulo, ambaye sasa alikuwa ameota meno mawili na kukaa mwenyewe. "Paulo, mwambie baba yako, mlango ameuelekeza vizuri."

Jeronimo hakuinua uso. Alikwangua chumvi kwa bidii kuliko ilivyohitajika.

"Paulo," alisema, "mwambie bibi yako, mlango gani? Mimi nilikuwa najenga kibanda cha majembe."

Bi Mwanahawa aliangua kicheko mpaka akashika tuta. Amelia alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho.

Baadaye kidogo Bibi Celeste aliinuka. Akajifunga kanga vizuri, akapanda mwinuko. Hakukimbia. Alikwenda polepole, kama mtu anayekwenda kwake, na pumzi yake ikamtosha mpaka juu.